Mwacheni Afanye Mwenyewe: Tathmini ya Mama Baada ya Kiharusi

Nayaandika haya kwa ajili ya yule ambaye juzi au jana kaambiwa, "Mgonjwa wenu atafanyiwa tathmini ya shughuli za kila siku," akaitikia bila kujua anaitikia nini. Sisi tuliitikia hivyo hivyo. Mama yetu alikuwa wodini, upande wa kushoto umelala, picha ya kichwa imeonyesha mshipa ulioziba upande wa kulia wa ubongo. Kila aliyekuja kumtazama aliuliza jambo moja: atatembea lini? Sisi wenyewe tulishika hilo hilo. Mtu wa mazoezi ya viungo akipita tunafurahi, kwa sababu tunaona mguu unanyanyuliwa. Alipokuja kijana mwingine na karatasi zake, akajitambulisha kuwa ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo, tukadhani ni yale yale.

Siyo yale yale. Wa mazoezi ya viungo anashughulika zaidi na mguu, mkono na kutembea. Huyu anauliza mtu anaishije na mwili alionao leo: anakulaje, anavaaje, anajisafishaje akimaliza haja, anashukaje kitandani usiku wa manane umeme umekatika. Tanzania wataalamu hawa bado ni wachache, wengi wamesomea hospitali ya KCMC kule Moshi, na zipo hospitali ambazo hazina hata mmoja. Ukibahatika kumpata, mshike.

"Shikamoo mama," akaanza.

"Marahaba baba," mama akajibu, mdomo ukivutwa upande.

Akavuta kiti akakaa kulia kwa mama, wakazungumza habari za nyumbani Ngamiani, Tanga, za wajukuu, za biashara yake ya vitumbua. Kisha, bila kusema kitu, akakihamisha kiti upande wa kushoto na kuendelea na maongezi. Mama akawa anaitafuta ile sauti kule kule kulia alikokuwa amekaa mwanzo. Mimi nikadhani mama kachoka. Yeye akaandika kwenye karatasi. Baadaye alitueleza kuwa kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo kinaweza kumfanya mtu aupuuze upande wa kushoto wa dunia yake. Macho ni mazima, ila ubongo hauendi kutazama huko.

Maswali yenyewe yalipoanza, mama hakupata nafasi ya kujibu. "Mama, unakula mwenyewe?" Mama mdogo akadakia: "Tunamlisha." "Nguo je?" Mimi: "Tunamvisha." Kijana akaweka kalamu chini, akatuomba kwa adabu kabisa tumwachie mama ajibu hata akichelewa, halafu akatuambia jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike: "Mimi siandiki anachoweza. Naandika anachofanya. Mkimlisha kwa sababu anachelewa, hapa naandika kuwa analishwa."

Karatasi aliyotumia inaitwa kipimo cha Barthel. Ni cha zamani, Florence Mahoney na Dorothea Barthel walikichapisha mwaka 1965 huko Maryland, Marekani, na mpaka leo kinatumika sehemu nyingi kwa sababu ni chepesi. Kina mambo 10: kula, kuoga, kujinadhifisha usoni na mdomoni, kuvaa, kuzuia haja kubwa, kuzuia haja ndogo, kutumia choo, kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, kutembea na kupanda ngazi. Kila jambo lina alama zake zinazokwenda kwa tano tano, na jumla ni 100. Fimbo au kiti maalumu hakimpunguzii mtu alama, ilimradi anafanya mwenyewe. Lakini akihitaji mtu wa kusimama pembeni kumchunga tu, hata asipoguswa, hahesabiwi kuwa anajitegemea.

Mama alipata 25. Mama mdogo alitokwa na machozi kama aliyesomewa hukumu. Naomba msiipokee namba hiyo hivyo. Hiyo siyo alama ya mtihani aliofeli mgonjwa, ni orodha ya pa kuanzia. Muulize mtaalamu kila alama iliyokosekana imekosekana kwa nini, maana sababu zinatofautiana na dawa zake zinatofautiana. Kwa mama, alama za kula zilipungua kwa sababu tulikuwa tunamkatia na kumtilia mdomoni, na pia kwa sababu nusu ya sahani hakuiona. Alikula wali wa upande wa kulia, akasema kimekwisha. Kijana akaizungusha sahani, mama akashangaa chakula kimetoka wapi, akala chote. Siku zote hizo sisi tulikuwa tunasema hana hamu ya kula, na muuguzi aliyekuwa zamu alitukubalia.

Hapo hapo niseme: kabla ya mgonjwa wa kiharusi kupewa chochote mdomoni, hakikisheni kuna mtu amepima anavyomeza. Akikohoa kwa maji, au sauti ikibadilika kama ana maji kooni, simamisheni na mseme. Na msimnyanyue kwa kumvuta mkono uliolegea wala kumbeba kwa kwapa la upande huo. Bega halina misuli ya kulishika, linateguka, na maumivu yake yatawazuia hata yale mazoezi mnayoyasubiri. Haya tuliambiwa na huyu kijana. Kabla yake kila aliyemgeuza mama alimshika kwapani.

Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa maswali ya haja. Mama aliulizwa mbele ya kaka yake, mbele ya mwanawe wa kiume na mbele ya kitanda cha jirani. Akasema hana tatizo. Shuka lilikuwa linasema vingine. Kijana hakubishana naye, akafunga faili, akarudi jioni wakati nipo mimi tu, akavuta pazia, akauliza upya kwa sauti ya chini. Mama akalia, akasema usiku hawahi. Kwa kusema kweli ile tukapata mpango: kipimo cha mkojo kuona kama kuna maambukizi, kupelekwa chooni kila baada ya saa mbili mchana bila kusubiri abanwe, na chombo karibu na kitanda usiku. Bila kusema kweli angeandikiwa alama kamili na kurudishwa nyumbani na tatizo lake. Kwa hiyo siku ya tathmini panga mapema nani awepo. Mmoja anatosha, yule anayemwogesha. Wengine wakae nje, hata kama ni wakubwa wa familia, na mtu mzima wa kuwaambia hivyo atafutwe kabla, siyo pale pale.

Tulirudi nyumbani, na nyumbani ndiko nilikojua tathmini ni nini. Wodini kuna kitanda kirefu, choo cha kukaa na sakafu iliyonyooka. Kwetu kuna choo cha kuchuchumaa, kizingiti mlangoni, ndoo na kata. Yule kijana alikuwa ametuambia wazi kuwa kipimo alichokifanya hospitalini hakiwezi kumaliza habari ya nyumbani, na akatushauri tumwite. Bima yetu ililipia tulipomfuata hospitali, haikulipia yeye kuja kwetu. Tukatoa mfukoni, pamoja na bajaji ya kumleta na kumrudisha. Ilikuwa pesa ya watu wanaojibana, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaacha kibarua changu ili nimhudumie. Pamoja na hayo, kama una pesa ya kitu kimoja tu baada ya hospitali, mimi nakushauri iwe hiyo.

Alituagiza mambo mawili kabla hajaja. La kwanza, kwa siku mbili niandike kwenye daftari kila kitu mama anachofanya mwenyewe na kila tunachomfanyia, na saa. La pili, tusimwandae: asioge, asivishwe nguo ya wageni, vitu vikae vinapokaa kila siku. Lile daftari lilitufungua macho. Ukurasa wa tunachomfanyia ulijaa, na mengi yaliyoandikwa humo mama alikuwa anayaweza.

Alipofika alitaka kumwona mama akivaa dera lake, akiamka kitandani kwake, akienda chooni kwetu. Kaka yangu alikuwepo. Mama alipohangaika na mkono wa dera kwa dakika nyingi, kaka akashindwa kuvumilia: "Jamani, mnamtesa mama." Akataka kumvuta nguo. Mama ndiye aliyemzuia kwa mkono wake mzima. "Niache mwanangu." Nililia, sifichi. Kumtazama mzazi wako akitafuta tundu la nguo na usimsaidie ni kazi nzito, na hakuna anayekuandaa kwayo. Lakini mtaalamu anahitaji kuona ni hatua ipi hasa inayomshinda. Mama hakushindwa kuvaa. Alishindwa kuanzia wapi. Kijana akamwelekeza aanze kwa mkono uliolegea, auingize wote mpaka begani, ndipo afuate kichwa na mkono mzima. Kuvua ni kinyume, mzima unatoka kwanza. Katika wiki hiyo hiyo alikuwa anavaa dera peke yake. Kanga ya kujifunga kiunoni ilichukua muda zaidi, kwa sababu inataka mikono miwili. Fundi cherehani alishona lastiki kwenye moja ya kushindia nyumbani. Mama hakuipenda mwanzo, sikumlazimisha, akaja kuizoea mwenyewe.

Kuoga: mama hawezi kuoga mbele ya mwanamume, na hakulazimishwa. Kijana alisimama nje ya mlango, mimi nikawa ndani namsimulia kila hatua. Ameshika wapi, amekaa vipi, kata iko mkono gani, mgongo umefikiwa na nani. Kama mgonjwa wako ana haya kama hizi, zisemwe mapema, zina njia yake. Wengine huomba mtaalamu mwanamke. Sisi hatukuwa na wa kuchagua.

Kwa choo, kiti cha kuwekwa juu ya shimo dukani tuliambiwa 150,000. Seremala wa mtaani alitutengenezea cha mbao chenye tundu kwa 35,000, kikapakwa rangi ya mafuta kisinywe maji. Kwenye vyuma vya kushikilia ndipo tulipopoteza pesa. Fundi aliyekuja kuvichomelea alikifunga kimoja upande uliomwia rahisi, na ukiwa umekaa kile chuma kinakuwa kushoto, mkono uliolala. Tulilipa mara mbili. Mgonjwa aketishwe pale kwanza, anyooshe mkono mzima, fundi aweke alama ya chaki unapofika ule mkono. Halafu kumbukeni anapoingia ukuta uko mkono huu, anapotoka uko mkono mwingine. Kwa hiyo mlangoni vinatakiwa viwili.

Jambo lililomwumiza mama kuliko choo halikuwepo kwenye karatasi yoyote. Ni udhu. Mkono mzima unaosha ule uliolala, sawa, lakini mkono mzima wenyewe utaoshwa na nani? Alikuwa ameacha kuswali na hakuwa amemwambia mtu. Kijana alipomwuliza, "Mama, kitu gani unatamani kukifanya mwenyewe kuliko vyote?" ndipo lilipotoka. Tukachukua ile ndoo yenye koki, ya zile zilizoenea mwaka 2020 wakati wa korona, tukaiweka juu ya stuli, mama akakaa kwenye kiti mbele yake. Anafungua koki kwa mkono mzima, anauweka chini ya maji, yanapita mpaka kiwikoni. Kuswali kwa kukaa kuna ruhusa kwa asiyeweza kusimama, hilo alilijua. Ushauri wangu: mtaalamu asipouliza swali hilo, mwulizieni ninyi. Mengi yanayomfanya mtu ajione ni mtu hayana kisanduku kwenye fomu.

Siku ile ya nyumbani alipata 65. Kutoka 25 mpaka hapo ilikuwa ni miezi ya mwanzo, na wataalamu husema ndiyo miezi ambayo mwili hurudisha mengi, hasa mitatu ya kwanza. Msiipoteze miezi hiyo kwa kumlaza mgonjwa apumzike. Wala ikipita msikate tamaa, kwa sababu mama amepata mengine baadaye, ila polepole.

Miezi iliyofuata alianza kwenda chooni peke yake kwa fimbo, na watu wakaanza kutuambia kapona. Mama naye akataka kurudi kwenye vitumbua vyake. Hapo kuna hatari ambayo kipimo cha Barthel hakiioni. Mtu anaweza kukaribia 100 na bado asiwe salama kuachwa peke yake jikoni. Kwa mambo hayo kuna orodha nyingine, ya Powell Lawton na Elaine Brody, ya mwaka 1969: simu, kununua vitu, kupika, usafi wa nyumba, kufua, kusafiri, dawa, na pesa. Tulimwomba kijana aje tena kwa ajili ya hiyo, na mama akapika mbele yake.

Aliukoroga unga wa mchele mwenyewe, iliki na sukari vipimo vile vile vya mkono wake. Chuma kikawekwa jikoni, mafuta yakatiwa. Akachota kwa upawa, akamimina. Chuma chetu kina matundu saba. Alijaza yale ya kulia na ya katikati, akaweka upawa chini, akasubiri. Matundu mawili ya kushoto yalikuwa yanatoa moshi wa mafuta matupu. Tukamwuliza kama amemaliza. "Yote," akasema, na alikuwa anasema ukweli wake. Lililonishtua zaidi ni mkono wa kushoto. Ulikuwa umeteleza kutoka mapajani, vidole vimekaa karibu kabisa na ukingo wa jiko la mkaa, na yeye hana habari navyo, kwa sababu hisia za mkono ule zilikuwa hazijarudi vizuri. Kijana aliuondoa taratibu, akamwonyesha ulipokuwa. Mama akautazama kwa muda mrefu.

Hakumkataza kupika, na hilo nalishukuru mpaka leo, maana familia nzima tulikuwa tayari kumkataza. Alisema kwa sasa asipike peke yake. Jiko lihamie kulia kwake na juu zaidi, siyo chini miguuni. Mkono wa kushoto uwekwe juu ya meza ndogo anapouona, kabla ya moto kuwashwa. Kushoto mwa meza kukae kikombe chekundu, na mama asianze kumimina mpaka macho yakipate kile kikombe, halafu aanze na tundu la kushoto. Mwanzo tulikuwa tunamkumbusha kila mara. Siku hizi namsikia akijisemea, "Chekundu kiko wapi," kabla hajachota.

Upande wa dawa na pesa ulikuwa na lake. Dawa za presha alizipanga vizuri kwenye kisanduku cha siku saba, ila aliruka visanduku vya kushoto, kwa hiyo tukakigeuza kikae wima, siku zishuke kutoka juu kwenda chini. Pesa za noti alihesabu sawasawa. Pesa za kwenye simu zilionyesha jambo lingine, kwamba mjukuu ndiye aliyekuwa anaijua namba ya siri na ndiye aliyetuma na kupokea tangu mama alazwe. Hakuna kilichoibiwa, namshukuru Mungu, lakini mama hakuwa anajua salio lake. Mtaalamu aliuliza tu, "Simu ya mama inashikwa na nani?" na sote tukatazamana. Ulizeni swali hilo nyumbani kwenu mapema. Namba ya siri ilibadilishwa, mama mwenyewe akachagua mpya.

Mambo mengine mafupi mafupi ya kuzingatia. Siku ya tathmini achukue miwani yake na ndara zake mwenyewe, siyo za kuazima. Iombwe saa ambayo huwa ana nguvu. Mama baada ya adhuhuri alikuwa mtu mwingine, na alichoshindwa saa tisa alikiweza saa tatu asubuhi. Kama anachanganya maneno au haongei, semeni mwanzo, ili mtaalamu atumie ishara na kumwonyesha badala ya kuuliza. Kama kalia, mwacheni alie, kisha ulizeni kama aendelee au siku nyingine. Na mkiona ana huzuni isiyoisha wiki na wiki, hilo nalo liambiwe daktari, kwa sababu sonona baada ya kiharusi ni jambo la kawaida na lina matibabu.

Mara ya mwisho kupimwa alipata 90. Zilizokosekana ni tano za ngazi, maana anahitaji mtu pembeni, na tano za kuvaa kwa sababu ya ndoano za sidiria. Tumepewa tarehe nyingine, safari hii kwa ajili ya sokoni na kuvuka barabara, ambako upande wa kushoto ni magari. Karatasi zote ninazo kwenye bahasha moja. Daktari mpya akizisoma haulizi maswali ya mwanzo tena. Hospitali hawatoi nakala usipoomba, kwa hiyo omba kila mara, na tarehe ya kupimwa tena iandikwe kabla hujatoka mlangoni.